Vantilateri ya Umeme Kwenye Gari la Mazutu: Tuliyojifunza kwa Hasara

Juma hili tunaacha kidogo habari za uji wa watoto na mbegu za mihogo, tunaingia garajini. Msicheke. Vikundi vyetu vingi vya akiba vimekwisha kuvuka hatua ya kununua mbuzi na mashine ya kusaga. Vingine sasa vina gari, ama vina sehemu ya gari, na gari lenyewe mara nyingi ni Hiace ya mazutu iliyozeekea mikononi mwa watu wengine kabla ya kufika Uvira. Likichemka njiani, shofere anavua shati na kukaa kivulini. Anayehangaika ni mama aliyepakia ndagala.

Ya kwetu ilianza kwenye barabara ya Baraka. Tulitoka huko alfajiri, gari limejaa mafuta ya mawese, mihogo na watu. Wote mnaijua barabara ile: ziwa upande mmoja, milima upande mwingine, na mashimo ambayo shofere anayapita polepole kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Tulipopita Swima, mama aliyekaa mbele alisema kiti kinamchoma. Tulimjibu kwamba jua limekuwa kali. Kwenye Hiace za namna ile moteri iko chini ya viti vya mbele, na mama yule ndiye aliyekuwa anatuambia ukweli. Tulipokaribia Makobola mvuke ulitoka chini ya miguu yake.

Kilichofuata tunakisema ili kisirudiwe. Kijana msaidizi wa shofere alikimbia na kitambaa, akafungua mfuniko wa radiatere wakati maji yanachemka. Maji yaliruka, yakamchoma mkono wa kuume kuanzia kiwiko hadi vidole. Kijana huyo ni mtoto wa mwenzetu mmoja. Amepona, lakini mkono una alama, na mama yake hakuja kwenye mkutano kwa miezi miwili.

Tulivutwa hadi mjini. Fundi wa kwanza tuliyempata alilitazama gari kwa dakika tano, akasema: «Wamama, vantilateri yenu imekufa. Tunatoa hii ya zamani, tunaweka ya umeme, mtasahau shida.» Tulifurahi kupata jibu la haraka. Tulitoa pesa siku ileile. Alitafuta vantilateri kwenye gari dogo lililokufa, akaifunga kwenye radiatere kwa vikamba vya plastiki vilivyopitishwa katikati ya vijisahani vyake, akavuta waya mwembamba hadi kwenye kitufe karibu na usukani. Shofere akibonyeza, inazunguka. Akisahau, haizunguki.

Majuma matatu gari lilikwenda vizuri. Halafu siku moja ya Agosti, kwenye bonde la Ruzizi karibu na Sange, mchana wa jua lile ambalo hata mbuzi wanalikimbia, abiria walisikia harufu ya plastiki inayoungua. Waya ulikuwa umeyeyuka. Vantilateri ilikuwa imesimama muda ambao hakuna anayeujua, na ile ya zamani, iliyokuwa inazungushwa na moteri yenyewe, ilikuwa imebaki garajini kwa fundi. Gari lilipofika nyumbani, mafuta ya moteri yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye mafuta: joanti ya kulasi imeungua, na kulasi yenyewe, yaani kile kichwa kinachofunika moteri, imepinda.

Agosti, wamama. Shule za msingi za serikali hazitozwi tangu 2019, lakini sekondari inalipiwa, na mgao wetu wa akiba tulikuwa tumeupanga kwa ajili ya mwanzo wa masomo wa Septemba. Kulasi ilikula mgao. Watoto wanne wa wenzetu walianza shule wakiwa wamechelewa, na mmoja wao, msichana wa mwaka wa tatu, alikaa nyumbani hadi Novemba. Sisi tunaofundisha tunajua mtoto anayechelewa namna hiyo anapoteza nini. Ndiyo sababu tunaandika habari za vantilateri kwenye karatasi ya wamama.

Kwenye mkutano wengi walitaka gari liuzwe. Mweka hazina wetu, mama ambaye kwa kawaida haongei, alisimama akasema jambo moja: «Tulinunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kabla ya franka nyingine kutoka, nataka mtu anieleze gari hili linaumwa nini.» Tukaenda kwa mzee mmoja wa garaji, mtu mwenye umri wa baba zetu, ambaye alikubali tumuulize maswali hadi jioni. Mengi ya hapa chini tulianza kuyaelewa kwake, na mengine tuliyatafuta wenyewe tukiwa na vitabu vya fizikia vya sekondari.

Fikirini mbabula. Moteri ya mazutu ni moto uliofungiwa ndani ya chuma. Ili chuma kisiharibike, maji yanazungushwa na pampu kuuzunguka moto, yanabeba joto, yanalipeleka mbele kwenye radiatere. Pale maji yanapita kwenye mirija myembamba yenye vijisahani vingi, na upepo unapita katikati na kuchukua joto. Gari likikimbia kwenye barabara nzuri, mwendo wenyewe unaleta upepo wa kutosha na vantilateri haina kazi kubwa. Kazi yake inakuja gari linapokwenda polepole na mzigo mzito, ama linaposimama moteri ikiunguruma. Sasa fikirini barabara ya Baraka, ama mpando wa Ngomo juu ya Kamanyola kwenda Bukavu. Polepole, mzigo mzito, jua. Kwetu huku vantilateri inafanya kazi karibu safari nzima.

Vantilateri ya zamani inazungushwa na moteri kupitia mkanda. Uzuri wake ni kwamba haihitaji waya wala kitufe. Ubaya wake ni kwamba moteri ikizunguka polepole, nayo inazunguka polepole, hata kama joto limepanda. Kwenye magari mengi ya mazutu ya Toyota, katikati ya mapanga yake kuna kikombe cha chuma kilichofungwa, chenye mafuta mazito ya silikoni ndani, na mbele yake kispringi kilichoviringwa kinachosikia joto la upepo unaotoka kwenye radiatere. Maji yakiwa baridi, kikombe kinateleza na mapanga yanazunguka kivivu. Joto likipanda, kispringi kinafungua njia ya mafuta mazito, kikombe kinashika, mapanga yanazunguka kwa nguvu. Mafuta yale yakivuja baada ya miaka mingi, kikombe hakishiki tena. Mapanga yanaonekana yanazunguka, na mtu anayeangalia juujuu anasema ni mazima, kumbe hayavuti upepo.

Huu ndio ugonjwa wa kwanza ambao mzee aliuona kwetu, na alituonyesha namna ya kuujua bila kulipa mtu. Moteri izimwe, ufunguo utolewe, moteri ipoe. Sukuma panga moja kwa kidole. Kikombe kizima kinakataa kidogo, kama unakoroga asali. Kikizunguka chenyewe mara nyingi kama gurudumu la baiskeli, kimekufa. Tazama pia mbele ya kikombe: michirizi ya vumbi lenye mafuta ni dalili ya kuvuja. Tulipokwenda kuichukua ile ya zamani kule ilikobaki, ilizunguka hadi tukachoka kuhesabu. Kwa hiyo fundi wa kwanza hakusema uongo. Alisema theluthi moja ya ukweli.

Ugonjwa wa pili ulikuwa ndani ya radiatere, na huu unatuhusu sisi watu wa ziwa kuliko wengine. Shofere alikuwa anajaza maji ya Tanganyika kila alipoona yamepungua. Maji ya ziwa letu si kama ya mvua: yana chumvichumvi na madini mengi, mengine yameletwa na Ruzizi kutoka ziwa Kivu, na ukali wake wa kialkali, ule unaopimwa kwa pH, unakaribia 9. Mama anayechemsha maji ya ziwa kila siku anaujua utando mweupe unaobaki kwenye sufuria. Utando huohuo ulikuwa umeziba mirija ya radiatere yetu. Mzee alipoifungua upande mmoja, nusu ya matundu hayakuonekana. Vantilateri ya umeme hata ingekuwa mpya kutoka Japani isingesaidia kitu, kwa sababu inapuliza upepo kwenye mirija ambayo maji hayapiti. Tangu siku hiyo tunatumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, yaliyochanganywa na dawa ya radiatere.

Wa tatu ulikuwa mfuniko. Mfuniko wa radiatere si kizibo tu. Una springi inayobana maji ndani, na maji yaliyobanwa yanachelewa kuchemka, kama kwenye sufuria ya presha. Anayepika maharage juu Minembwe anajua kwamba huko maji yanachemka mapema na maharage hayaivi haraka. Uvira iko karibu mita 770 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka hapa kwenye digrii 97 hivi. Bukavu, iliyo juu zaidi, ni kama digrii 95. Mfuniko mzima, ambao mara nyingi umeandikwa 0.9, unayafanya yavumilie hadi kupita digrii 110. Wetu mpira wake ulikuwa umekatika. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye habari hii, na hakuna aliyeutazama.

Hapo ndipo tulipouliza: basi vantilateri ya umeme ni uongo? Mzee alicheka. Si uongo hata kidogo. Magari madogo ya siku hizi karibu yote yanayo, kwa sababu moteri yao imelazwa kwa upana na mkanda haufiki kwenye radiatere. Hata zamani watu walitafuta njia hiyo. Wazee wetu wanaikumbuka Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960: vantilateri yake ilishikwa na sumaku ya umeme, ikazunguka pale tu maji yalipopata joto. Faida ya vantilateri ya umeme ni kwamba inazunguka kwa nguvu yake yote hata gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Kavimvira. Ila inataka ifungwe kwa adabu.

Tuliamua hivi. Radiatere ilisafishwa na mirija ikafunguliwa. Mfuniko ukabadilishwa. Vantilateri ya moteri ikarudishwa mahali pake na kikombe kingine kizima kilichotoka kwenye gari lililokufa, tulichokijaribu kwa kidole sisi wenyewe. Ya umeme ikawekwa mbele ya radiatere kama msaidizi, pale palipokuwa na vyombo vya klimatizere iliyokufa zamani. Wengine wanaondoa kabisa ile ya moteri ili kupunguzia moteri kazi. Kwa gari dogo la kuzunguka mjini inawezekana. Kwa gari linalobeba mzigo kwenda Baraka, sisi hatukubali maisha yetu yategemee waya mmoja. Hiyo ni hukumu yetu, na kila kikundi kina haki ya kuwa na yake.

Sasa mambo ya kufunga. Mama anayesimama garajini hahitaji kushika kifungulio, lakini akijua kuuliza, fundi anafanya kazi kwa uangalifu zaidi. Tumeliona hilo kwa macho.

Uliza kwanza gari ni la volti ngapi. Hiace zetu ni 12, lakini malori mengi kama Canter ni 24, na Land Cruiser nyingine za zamani pia. Vantilateri ya 12 kwenye 24 inaungua bila kuaga.

Halafu uliza inakula umeme kiasi gani. Hapa hesabu ya darasani ina faida. Vantilateri inayokula ampea 15 kwenye volti 12 ni wati 180: 15 mara 12. Taa mbili kubwa za mbele pamoja ni kama wati 120. Yaani vantilateri moja inakula kuliko taa zote mbili za mbele, na wakati wa kuanza kuzunguka inavuta kwa kitambo umeme mwingi zaidi ya huo. Ndiyo maana waya mwembamba wa kitufe uliyeyuka. Umeme wa vantilateri haupaswi kupita kwenye kitufe. Unapita kwenye rele, kale kasanduku kadogo: waya mwembamba unatoa amri, waya mnene unafanya kazi, kama vile mama mkwe anavyosema neno moja jikoni na wengine wakabeba sufuria. Waya mnene uwe wa milimita za mraba 4 hivi, utoke kwenye batri, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na batri, si mwishoni. Fyuzi ikiwa mbali, waya uliokatika njiani unaweza kuwasha moto kabla ya kufika kwake. Kwa vantilateri kama hiyo fyuzi ya ampea 25 inatosha. Mtu akikuambia aweke kipande cha waya mahali pa fyuzi «kwa leo tu», chukua gari lako uende.

Na altanateri, ile inayozalisha umeme wa gari, ina uwezo? Kwenye gari la zamani inaweza kuwa ya ampea 40 ama 50 tu, na moteri ikizunguka taratibu inatoa pungufu sana ya hapo. Vantilateri, taa, na simu za abiria zinazochajiwa usiku kwa pamoja zinaweza kuimaliza batri polepole bila mtu kujua hadi asubuhi.

Upepo unakwenda upande gani? Hili linachekesha lakini linatokea sana. Upepo lazima uingie kutoka mbele ya gari na kutoka upande wa moteri. Waya zikigeuzwa, vantilateri inapuliza kwenda mbele, inapigana na upepo wa barabara, na gari linachemka zaidi kuliko lisingekuwa nayo. Chana karatasi ya daftari, iweke mbele, upande wa kuingilia upepo. Ikivutwa na kunata, ni sawa. Ikiruka kukupiga usoni, waya zigeuzwe. Mapanga yenyewe pia yana uso na mgongo: yaliyotengenezwa kuvuta kutoka nyuma ya radiatere hayafanyi kazi vizuri yakilazimishwa kusukuma kutoka mbele.

Isifungwe kwa vikamba vinavyopita ndani ya radiatere. Gari linatikisika, vikamba vinasugua, na mirija inatoboka. Yetu ilikuwa imeanza kutoboka mahali pawili. Inatakiwa vyuma vidogo vinavyoshikwa kwenye fremu. Na kama vantilateri iko nyuma, iwe na bati linaloizunguka hadi kingo za radiatere, ili upepo uvutwe kupitia vijisahani vyote na si mduara mmoja wa katikati tu. Bati lile la kiwandani mafundi wengi wanalitupa kwa sababu linawasumbua kufikia boluti. Likiondoka kwenye gari lako, uliza liko wapi.

La mwisho, na ndilo lililotuua sisi: nani anaiwasha? Isiwe kumbukumbu ya mtu. Kuna kifaa kidogo cha kusikia joto, kinafungwa kwenye radiatere ama kwenye bomba la maji, nacho kinaiamuru rele chenyewe. Mara nyingi kimeandikwa namba mbili, kwa mfano 95-90: kinawasha kwenye digrii 95, kinazima maji yakishuka hadi 90. Namba hizo ziwe juu ya namba ya termostati, ule mlango wa ndani ya moteri unaoruhusu maji kwenda kwenye radiatere, ambao kwenye dizeli nyingi unaanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi. Kifaa kikiwa chini ya hapo, vantilateri itazunguka toka asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Na tafadhali, fundi asikushawishi kuiondoa termostati «kwa sababu nchi yetu ni ya joto». Kwenye baadhi ya moteri za Toyota termostati hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya moteri bila kupita kwenye radiatere, na joto linapanda badala ya kushuka.

Kitufe hata hivyo tumekibakiza kimoja, cha kuzima. Sababu ni maji. Tangu Mulongwe ilipofurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba za watu, na ziwa likapanda hadi barabarani kule Kavimvira na upande wa Gatumba, magari yetu yamejifunza kuogelea. Vantilateri inayozunguka ikizama ndani ya maji, mapanga yanapinda na yanaweza kukata radiatere. Kabla ya kuingia mtoni shofere anaizima, akivuka anaiwasha. Na kwa kuwa tunamjua shofere wetu, karibu na kitufe tumeweka taa nyekundu inayobaki ikiwaka hadi akiwashe tena. Abiria wote wanaiona. Wanamkumbusha kwa sauti ambayo hawezi kujidai hakuisikia.

Neno la watoto na la vitenge. Vantilateri ya umeme iliyoungwa moja kwa moja na batri inaweza kuanza kuzunguka yenyewe dakika kadhaa baada ya moteri kuzimwa, kwa sababu maji bado yana joto. Vidole vya mtoto mdadisi, ama ncha ya kitenge cha mama aliyeinama kutazama, vinaweza kunaswa wakati kila mtu anadhani gari limelala. Kabla mkono haujaingia pale, waya wa batri utolewe. Na dawa ile ya radiatere, yenye rangi ya kijani ama nyekundu, ina utamu mdomoni na ni sumu kali. Isiwekwe kwenye bido la njano linalofanana na la maji ya kunywa. Bido letu tumelipaka rangi nyeusi na linakaa juu ya kabati.

Gari likichemka hata baada ya haya yote, simameni kivulini. Kama hakuna mvuke bado, iacheni moteri izunguke taratibu na mfungue joto la ndani ya gari hadi mwisho: lina radiatere yake ndogo na litasaidia, ingawa mtatoka jasho kama mko kwenye tanuri la matofali. Mvuke ukianza kutoka, zimeni. Mfuniko usiguswe hadi uweze kuweka kiganja juu ya radiatere bila kukitoa, na hiyo inaweza kuchukua saa nzima. Maji baridi yasimwagwe kwenye moteri yenye moto. Mnajua chungu cha udongo kinavyofanya kikitolewa jikoni na kumwagiwa maji. Kulasi ni chuma, lakini nayo inapasuka. Na msiuamini mshale wa joto peke yake: maji yakiisha kabisa, kile kinachopima kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka kana kwamba mambo yamekuwa mazuri. Amini kiti cha mbele. Mama anayekaa pale akisema anaungua, gari lisimame.

Kikundi chetu sasa kina daftari la gari. Kila safari mwanachama mmoja anaandika maji yaliyoongezwa, mara ambazo vantilateri iliwaka, na pesa iliyotoka. Anayeandika zaidi ni mama wa yule kijana aliyeungua mkono. Alirudi mwenyewe, akasema kama gari linabaki, basi yeye ndiye atakayekaa kiti cha mbele. Kutokana na daftari lake tuliona kwamba vantilateri ya umeme inawaka hasa kati ya Makobola na Swima na wakati wa kupakia Baraka, lakini kwenye tambarare ya Kiliba karibu haiwaki kabisa. Maji tunaongeza nusu lita kwa mwezi. Zamani lilikuwa bido zima kwa safari.

Deni la kulasi limebaki la miezi mitatu. Msichana wa mwaka wa tatu amefaulu muhula wake, kwa shida, na hisabati bado inamsumbua, tunamfundisha Jumamosi mchana. Shofere ameomba kikundi kimnunulie redio ya gari. Mweka hazina amemjibu kwamba redio inakula ampea, na kwamba kwanza alete risiti ya zile fyuzi mbili za akiba alizotumwa kununua juma lililopita.